Antena ya redio ya upepo kwenye gari: chagua kitako kwanza

Watu wakija kuniuliza wanunue redio gani, mimi huwauliza gari gani. Redio ya VHF (ya mawasiliano ya karibu) ya wati 25 yenye antena iliyokaa vizuri huweza kuishinda ya wati 50 iliyofungwa hovyo. Kwa magari yanayotoka Kigoma mjini kupanda Kasulu na Kibondo, au kushuka Uvinza, mimi huvipanga vitako, yaani vishikizo vya antena kwenye gari, hivi.

Namba moja ni cha kutoboa paa. Tundu la milimita 19, katikati kabisa. Bati la paa ndilo nusu ya pili ya antena: fimbo ya sentimita 50 hivi, yaani robo ya wimbi kwenye MHz 150, hapo hurusha sawasawa pande zote. Wenye magari huliogopa tundu, lakini likipakwa rangi kingo zake na raba ikakaa sawa, hata mvua za masika hazipenyi. Gari la kukodi usiliguse. Na kama juu kuna keria inayobeba magodoro na madumu, fimbo haitamaliza wiki.

Namba mbili, cha kubana kwenye mfereji wa maji pembeni mwa paa. Mkonga, zile Land Cruiser za hardtop, unao mfereji huo. Magari mengi mapya hayana. Hutoboi chochote, ila skrubu lazima zikwangue rangi na kung'ata chuma, kisha upake grisi. Wapo mafundi wanaoionea rangi huruma, halafu redio inakoroma tu. Kila ukitoka safari ya vumbi, zikaze tena.

Namba tatu ni cha ukingo wa boneti. Kwa Hilux yenye keria kinafaa, lakini kebini inakizuia, kwa hiyo gari lililo nyuma yako litakusikia kwa shida.

Cha sumaku nakiweka mwisho, ingawa ndicho kinachonunuliwa zaidi kwa sababu kufunga ni dakika moja. Nilikitumia msimu mzima wa kiangazi. Siku ya kukibandua nilikuta duara la ukubwa wa kisosi, rangi imesagwa na vumbi jekundu hadi bati jeupe linaonekana, na waya umepondwa na mlango. Kinunue kwa gari la kuazima, na ukifute chini kila asubuhi. Kwenye bodi ya alumini au turubai hakishiki kabisa.

HF, redio ya mawasiliano ya mbali, ni habari nyingine. Robo ya wimbi kwenye MHz 7 ni mita kumi na kitu, kwa hiyo antena ya gari hufupishwa kwa koili na bado ni ndefu na nzito. Hiyo ikae kwenye bampa ya mbele, juu ya springi, na kitako kiungwe na chesisi kwa mkanda wa shaba mpana na mfupi.

Maikrofoni isikuchukulie muda, lakini isiachwe ining'inie. Klipu yake ifungwe kwa skrubu katikati ya dashibodi, upande wa gia, mkono uifikie bila macho kutoka barabarani, na abiria naye aifikie. Isikae mbele ya mfuniko wa eabegi. Waya wake wa kujikunja usifike kwenye gia. Nimewahi kuingiza namba tatu nikang'oa maikrofoni.

Umeme utoke moja kwa moja kwenye betri, fyuzi ikiwa karibu na betri. Lori lina volti 24, redio nyingi ni za 12, basi nunua na kipunguza volti. Kibali cha masafa ni cha TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, kishughulikie kabla ya kununua.

Kabla hujamlipa fundi, mwambie afunge milango na boneti, kisha aweke mita ya SWR, inayoonyesha nguvu inayorudi kwenye redio badala ya kurushwa na antena. Ikisoma 1.5 au chini yake, mlipe. Ikipita 2, asiondoke.