Founders Online: barua za marais wa mwanzo wa Marekani, bila malipo

Anayetaka kuyaelewa masaibu yaliyowakuta marais wa kwanza wa Marekani, ya ndani na ya nje, halazimiki tena kununua vitabu vya bei ghali, kwa kuwa barua zao wenyewe zimewekwa wazi katika Founders Online, tovuti iliyofunguliwa mwaka 2013 na Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Marekani kwa kushirikiana na wachapishaji wa Chuo Kikuu cha Virginia. Humo mna nyaraka zaidi ya 180,000 za George Washington, John Adams, Thomas Jefferson, James Madison, Alexander Hamilton na wenzao, na msomaji hatozwi hata senti moja wala hatakiwi kujisajili. Mimi ni mwalimu wa historia, na nimeitumia kwa muda wa kutosha kujua inafaa wapi na inapungua wapi.

Sifa yake kubwa ni kuyarudisha pamoja mambo ambayo vitabu vya kiada huyatenganisha. Vitabu hivyo huweka sura moja ya madeni, kodi na ugomvi wa vyama, kisha sura nyingine ya Uingereza, Ufaransa na Hispania. Lakini fungua barua ambayo Washington alimwandikia Jefferson, Waziri wake wa Mambo ya Nje, tarehe 23 Agosti 1792: anazungumzia mienendo ya Wahispania mpakani kusini, na katika pumzi hiyo hiyo anasikitika kwamba, wakati nchi imezingirwa na maadui wa dhahiri na marafiki wa hila, mafarakano ya nyumbani nayo yanairarua matumbo. Siku tatu baadaye alimwandikia Hamilton, Waziri wa Fedha, akimsihi vilevile awe na uvumilivu kwa mwenzake, kwa kuwa mawaziri hao wawili walikuwa wakigombana.

Wote wawili walijibu siku moja, tarehe 9 Septemba 1792, na majibu yote mawili yamo. Hamilton anakiri kwamba ana mkono wake katika mashambulizi ya magazetini dhidi ya Jefferson, ila anashikilia kwamba yeye ndiye aliyedhulumiwa. Jefferson, katika barua ndefu kupita kiasi, anakana kuandika gazetini, anaeleza jinsi alivyompa Philip Freneau, mhariri wa gazeti lililompinga Hamilton, kazi ya ufasiri wizarani, kisha anaushambulia mpango mzima wa fedha wa Hamilton. Niliwapa wanafunzi wawili wazisome kwa sauti, mmoja baada ya mwingine, na darasa lililokuwa limezoea kukariri majina ya vyama likaanza kubishana ni nani kati ya mawaziri hao aliyekuwa mkweli. Sijawahi kulipata jambo hilo kwa kitabu cha kiada.

Kutafuta si kazi ngumu, kwa maana unaweza kuchuja kwa mwandishi, kwa mpokeaji, kwa tarehe au kwa kipindi cha urais, na kila ukurasa ni maandishi matupu yasiyomaliza bando. Ukizifuata tarehe za mwaka 1794, kwa mfano, unaona moto ukiwaka pande mbili kwa wakati mmoja: wakulima wa magharibi mwa Pennsylvania wamekataa kodi ya pombe kali, hata Washington akaita wanamgambo wapatao 13,000, huku John Jay, mjumbe wa Washington, yuko London akitafuta mkataba wa kuepusha vita na Uingereza, mkataba uliotiwa saini tarehe 19 Novemba. Tanbihi za wahariri, ambazo ni bora kuliko za vitabu vingi nilivyowahi kusoma, zinakuelekeza kutoka barua moja hadi nyingine.

Mapungufu yapo. Kiingereza chake ni cha karne ya 18, chenye sentensi zinazomchosha hata mzoefu, na hakuna picha za miandiko yenyewe. Baadhi ya nyaraka, zikiwemo za urais wa Adams, zimewekwa kabla wahariri hawajamaliza kuzihakiki, na tovuti inasema hivyo waziwazi. Ni hasara kwa sababu Adams, aliyeamua mwaka 1799 kupeleka wajumbe wa amani Ufaransa huku viongozi wa chama chake wakitaka vita, anastahili kusomwa kwa makini. James Monroe, rais wa tano, hana mkusanyo wake humo.

Usidhani, hata hivyo, kwamba ni sauti za wakubwa pekee. Tafuta hotuba ambayo machifu wa Waseneka, mojawapo ya mataifa ya Wenyeji wa asili wa Amerika, wakiongozwa na Cornplanter, walimpelekea Washington tarehe 1 Desemba 1790 wakilalamikia ardhi yao. Wanamkumbusha kwamba jeshi lake lilipoingia katika nchi yao walimwita Mharibu Miji, na kwamba hadi siku hiyo jina hilo likitajwa, wanawake wao hugeuka nyuma na kusawijika, na watoto hung'ang'ania shingo za mama zao. Jibu la Washington ni la tarehe 29 Desemba, likiahidi kwamba kuanzia hapo hakuna ardhi yao itakayouzwa bila mjumbe wa serikali kuu kuwapo. Zisome kwa mfuatano huo, ya Waseneka kwanza.