Torre de la Vela, Granada: tiketi ipi ununue na utazame nini ukifika juu

Katika kilima cha Alhambra, ngome na majumba ya masultani wa zamani huko Granada, Hispania, mnara wa Torre de la Vela ndiyo sehemu inayopitwa haraka kuliko zote. Watu hupanda, hupiga picha za nyumba nyeupe za mtaa wa kale wa Albaicín, kisha hushuka mbio kuwahi saa yao ya kuingia Palacios Nazaríes, majumba ya kifalme. Wanakosa mengi. Na anayeutaka mnara wenyewe hana haja ya tiketi kubwa.

Tiketi zinazokufikisha juu kwa matembezi ya kawaida ni mbili. Ya jumla (Alhambra General) inabeba Alcazaba, yaani ngome yenye mnara huu, pamoja na Palacios Nazaríes na bustani za Generalife. Nyingine inaitwa Jardines, Generalife y Alcazaba. Bei yake hukaribia nusu ya ile ya kwanza, na kinachokosekana ni hayo majumba ya kifalme tu. Msimu wa wageni wengi, ya jumla huisha wiki kadhaa kabla, hii ya pili huchelewa kwisha. Tiketi za usiku usizinunue kwa ajili ya mnara, maana hazifiki Alcazaba kabisa.

Makosa mengi hutokea kabla hata ya kupanda. Tiketi hutolewa kwa jina na namba ya pasipoti, hivyo njoo na pasipoti halisi. Mtoto wa chini ya miaka 12 haingii kwa pesa, lakini naye lazima awe na tiketi yake. Saa ya Palacios Nazaríes haibembelezwi: umepewa nusu saa ya kuingia, ikipita imepita. Tiketi ikisema 10:30 ni saa nne na nusu asubuhi kwa hesabu yetu, na lango kuu la upande wa Generalife liko mwendo wa robo saa au zaidi kutoka huko. Ukiwa na tiketi mkononi pitia Puerta de la Justicia, lango la mwaka 1348, ambalo ni karibu zaidi na ngome. Alcazaba huingiwa mara moja tu, kwa hiyo usitoke ukidhani utarudi jioni. Itengee saa nzima.

Sasa mnara wenyewe. Muhammad I, mwanzilishi wa ukoo wa Nasrid, masultani Waislamu wa Granada, alianza kazi Alhambra mwaka 1238 akijenga juu ya ngome ya zamani ya karne ya 11. Mnara huu aliuweka ncha ya magharibi ya kilima, mahali unapoona mji wote na tambarare ya Vega kwa pamoja. Una urefu wa karibu mita 27, kitako chake ni cha mraba wenye upande wa mita 16 hivi, na ndani una ghorofa nne juu ya gereza la chini. Kuta za ngome ni udongo mwekundu uliochanganywa na chokaa na kokoto, ukashindiliwa tabaka kwa tabaka ndani ya fomu za mbao. Tazama vizuri kuta za nje utaona vitundu vilivyopangika kwa mistari. Humo ndimo ziliposhikizwa zile mbao.

Kabla ya kupanda, simama kwenye uwanja wa ndani. Misingi mifupi unayoiona chini ni mtaa wa askari: vyumba, hodhi la maji, hamamu, na gereza la shimo lenye umbo la chupa ambalo mfungwa aliteremshwa kwa kamba. Watu waliokesha juu ya mnara walilala hapa. Usipouelewa mtaa huu, mnara unabaki kuwa jukwaa la picha.

Kazi ya zamu ilikuwa kutazama Vega na kupokea ishara za minara midogo iliyotawanyika hadi mpakani: moshi mchana, moto usiku. Ndiyo maana paa ni pana na wazi pande zote. Vile vikuta vya meno vya kujikinga havipo tena, viliangushwa na mitetemeko ya ardhi. Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331, alipita Granada karibu miaka 20 baadaye, wakati wa Yusuf I. Sultani alikuwa mgonjwa wasionane, lakini mnara alioukuta mjini ndio huu.

Tarehe 2 Januari 1492 msalaba na bendera za Castilla, ufalme wa Wakristo ulioiteka Granada, vilipandishwa hapa, na huo ukawa mwisho wa utawala wa Nasrid. Askari wa Napoleon wa Ufaransa walipoondoka mwaka 1812 walilipua minara kadhaa ya Alhambra, huu ulipona.

Kengele ndiyo inayostahili kusimuliwa zaidi. Iliyopo ilisubiwa mwaka 1773, ikichukua nafasi ya zilizotangulia. Kwa karne nyingi kazi yake usiku haikuwa ya ibada bali ya maji: milio yake na mapumziko kati ya milio vilimjulisha mkulima aliye Vega kwamba zamu yake ya kumwagilia imefika. Mnara uliojengwa kuwalinda watu wa tambarare dhidi ya jeshi ukaishia kuwaamulia nani afungue mfereji saa ngapi. Kibanda cha kengele kilibomolewa na radi mwaka 1881 kikajengwa upya. Kila Januari 2 watu hupanga foleni kuipiga, na wanawake wasioolewa huambiwa kwamba atakayeivuta ataolewa kabla ya mwaka kwisha. Siku hiyo usitarajie utulivu.

Ukifika juu, anza kaskazini: Albaicín, ng'ambo ya bonde la mto Darro. Magharibi ni mji wa sasa na Vega, ambayo majengo yameila sehemu kubwa. Kusini-mashariki ni Sierra Nevada, yenye theluji sehemu kubwa ya mwaka; asubuhi jua huwa upande huo, hivyo picha za milima hutoka vizuri zaidi alasiri. Machweo? Kuanzia Aprili 1 hadi Oktoba 14 pafungwa saa 2 usiku, na Juni jua huzama baada ya saa 3 na nusu, kwa hiyo hutayaona. Kuanzia Oktoba 15 hadi Machi 31 hufungwa saa 12 jioni, na Desemba jua huzama karibu na saa hiyo hiyo. Utapata mwanga wa mwisho, si giza. Kufungua ni saa 2:30 asubuhi misimu yote, na hiyo ndiyo saa tunayoipendekeza.

Sababu ni ngazi. Ni nyembamba, na wanaopanda hupishana na wanaoshuka. Kundi moja la watalii likiingia, msongamano umeanza. Hakuna lifti. Mwenye matatizo ya magoti au anayetumia kiti cha magurudumu hatafika juu. Mkoba wa mgongoni unabebwa kifuani, mkubwa unaachwa kwenye hifadhi ya mizigo. Juu hakuna kivuli hata kidogo, na Julai joto hupita nyuzi 35 kirahisi. Beba maji na kofia.

Kutoka mjini, basi C30 hupanda kutoka Plaza Isabel la Católica. Kwa miguu ni Cuesta de Gomérez kutoka Plaza Nueva, mlima mkali lakini wenye miti.

Aliyekosa tiketi kabisa aende Plaza de los Aljibes, ambako kuingia ni bure na ngome iko mbele yake. Kisha avuke hadi Mirador de San Nicolás huko Albaicín, aitazame yote kutoka ng'ambo. Kengele ataiona kwa macho matupu.