nvm kwenye Ubuntu: uzoefu wangu baada ya Angular kugoma

Natengeneza mifumo midogo hapa Mbeya, wa sasa ni wa wanunuzi wa parachichi wa Rungwe, na mradi uko kwenye Angular 17, zana ya kutengenezea programu za wavuti. Nyota nne naipa nvm, programu ya kuweka na kubadilisha matoleo ya Node, ile inayoendesha JavaScript nje ya kivinjari. Nitaeleza ya tano imekwenda wapi.

Laptopu yangu ina Ubuntu 22.04. Ukivuta Node kwa apt, kisakinishi cha Ubuntu, unapewa 12.22.9, wakati Angular 17 inataka 18.13 kwenda juu ndani ya 18, au 20.9 kwenda juu ndani ya 20. Hapo hapo ukiandika npm install -g @angular/cli (npm ni kisakinishi cha vifurushi vya Node, -g ni kuweka nje ya mradi ili kitumike popote) unatupiwa EACCES, kosa la kukosa ruhusa, kwa sababu npm inataka kuandika kwenye folda za mfumo ambazo wewe si mwenyewe. Vijana wengi wanamalizana nayo kwa kuweka sudo mbele, yaani kutumia ruhusa ya msimamizi. Inakubali, lakini mafaili yanakuwa ya root, yaani msimamizi, na kila ukisasisha utarudi kwenye sudo ile ile. Mimi siishauri hata kidogo.

nvm inakaa ndani ya ~/.nvm, yaani nyumbani kwako, hivyo haiombi ruhusa ya mtu. Ukishaiweka, funga teminali ufungue nyingine, la sivyo utaambiwa nvm haipo na utadhani imeharibika. Kisha nvm install 20, halafu npm install -g @angular/cli@17, halafu ng version. Kwangu ng, amri ya Angular, iliitika papo hapo. Hiyo ng version inataja toleo la Node na la npm pamoja. Ukiomba msaada kwa mtu, mtumie hayo kwanza, usimwambie tu "imegoma".

Sasa ile nyota. Vifaa ulivyoweka kwa -g vinabaki na toleo lile lile la Node. Ukihamia toleo jingine, ng inapotea kama haijawahi kuwepo, na hakuna anayekuonya. Dawa ipo: nvm install 18 --reinstall-packages-from=20. Pia weka faili la .nvmrc kwenye mradi, ndani uandike 20, kisha nvm use itajua yenyewe.

Wa Windows, nvm hii si yenu; kuna nvm-windows, mradi tofauti kabisa. Na PowerShell, teminali ya Windows, ikikataa ng kwa kusema skripti zimezuiwa, tumia Set-ExecutionPolicy RemoteSigned -Scope CurrentUser, au fungua cmd, teminali nyingine ya Windows, uendelee na kazi.

Jambo la bando. ng new, amri ya kuanzisha mradi mpya, huvuta vifurushi vingi mno, na mtandao ukikatika katikati unabaki na node_modules, folda ya vifurushi hivyo, nusu. Mimi natumia ng new --skip-install mchana, npm install naiachia bando la usiku. Mradi unaofuata naongeza --prefer-offline, npm inachukua kwanza vilivyomo ndani ya ~/.npm, akiba ya vilivyokwisha kuvutwa, na bando halishtuki sana.