Fundi wa kamera wa Luthuli: alirudisha lenzi yangu na siri zangu

Tarehe 25 Juni 2024, siku waandamanaji wa kupinga Mswada wa Fedha walipoingia Bunge, nilikuwa Parliament Road, Nairobi, na kamera yenye lenzi ya 24-105, ile ya kuvuta picha karibu au mbali. Nilisimama pembeni, kamwe si katikati ya polisi na vijana, lakini gari la kurusha maji likageuka na kunimwagia kamera nzima. Niliizima papo hapo, nikatoa betri, sikujaribu kuiwasha tena.

Nikaipeleka kwa fundi mmoja juu ya ngazi, Luthuli Avenue. Kabla hata ya kugusa bisibisi alichomoa memori kadi, akaniwekea kiganjani na kusema, "Hii kaa nayo, kaka." Miezi ile vijana wa maandamano walikuwa wakitekwa, na kadi ile ilikuwa imejaa nyuso zao. Kwangu mimi hilo pekee linatosha kumpa nyota tano.

Kazi yenyewe? Aliifungua lenzi mbele yangu. Ndani kulikuwa na ukungu na tope la unga mweupe kwenye gurudumu la kuvuta picha. Alisafisha kila kioo, akakwangua kutu kwenye viunganishi vya betri. Nililipa shilingi 4,500. Lakini aliniahidi siku tatu, zikawa tisa, na simu hapokei. Mpiga picha wa kujitegemea akikaa siku tisa bila kamera, kodi ya nyumba haimsubiri.

Picha sasa ni kali kona hadi kona. Nenda asubuhi, foleni ni fupi.