Maktaba ya filamu nyumbani: mashine ya kununua na ya kuiacha dukani

Ukiingia duka lolote la vifaa Kariakoo au Luthuli Avenue kuulizia mashine ya kuhifadhia filamu za nyumbani, utaonyeshwa kwanza ubora wa picha. Picha siku hizi karibu zote ni nzuri. Mimi ninaangalia kitu kingine: maktaba ikivurugika, je, mashine itaniruhusu kuingia ndani niitengeneze? Maana itavurugika tu. Umeme utakatika Kodi, programu ya kupanga na kuchezesha filamu, ikiwa inaandika kwenye hifadhidata yake. Diski ya nje italegea na filamu zote zionekane zimepotea. Video ya harusi ya dada yako itabandikwa jalada la filamu ya Kihindi kwa sababu majina yamekaribiana. Mpangilio ulio hapa chini umefuata kipimo hicho.

Ya kwanza: kompyuta ndogo ya ofisini, ya mtumba

Nazungumzia Lenovo ThinkCentre Tiny, HP EliteDesk Mini na Dell OptiPlex Micro. Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine nyingi za Intel za kizazi cha 6 na cha 7 hazimo kwenye orodha ya Windows 11, kwa hiyo maofisi yanazitoa. Wewe huhitaji Windows. Weka Debian au Ubuntu, mifumo ya bure ya Linux.

Usibebe yoyote tu, soma namba ya prosesa. i5-6500T ni kizazi cha 6, i5-7500T cha 7, i5-8500T cha 8. Filamu nyingi za 4K zimebanwa kwa HEVC ya biti 10 (mbinu ya kubana video), na kwa Intel sehemu ya picha ilianza kuimudu vizuri kwenye kizazi cha 7. Chini ya hapo prosesa inabeba mzigo wote yenyewe na picha inakwamakwama. Kizazi cha 8 ni bora zaidi, kwa kuwa i5 yake ina koa (viini vya prosesa) 6 badala ya 4. Kabla ya kulipa, ingia BIOS (mipangilio ya msingi ya mashine) uhakikishe haina nywila ya ofisi ya zamani, dai adapta yake halisi, kisha fungua mfuniko uone kama kishikio cha diski na kebo yake bado vipo. Wauzaji wengi huving'oa. RAM ya GB 8 inatosha.

Lakini sababu kubwa ya kuipa nafasi ya kwanza ni kwamba unaweza kuipa kazi za usiku kupitia cron, ratiba ya Linux ya kuendesha amri zenyewe. Chukua mfano wa kusafisha maktaba. Kodi ikisafisha, huondoa kumbukumbu za faili isizoziona. Na kama diski imechomoka, isizoziona ni zote, pamoja na alama za vipindi ulivyokwisha kutazama. Kinga yake ni mstari mmoja:

`mountpoint -q /mnt/filamu && kodi-send --action="CleanLibrary(video)"`

Yaani: hakikisha kwanza diski ipo, ndipo usafishe. Kwenye Debian kodi-send, programu ya kuipa Kodi amri, huwekwa kama kifurushi cha pembeni. Katika fstab, faili inayoorodhesha diski za mashine, itambulishe diski kwa UUID (namba yake ya pekee) na uongeze neno nofail, ili mashine iwake hata diski ikikosekana. Kwa Jellyfin, seva ya kurushia filamu kwenye runinga na simu za nyumbani, skripti (faili ya amri) ya nakala iisimamishe seva kwanza, inakili /var/lib/jellyfin na /etc/jellyfin, ndipo iiwashe tena. Ukinakili hifadhidata ikiwa inaandikwa, unaweza kuambulia nakala isiyofunguka.

Kazi ya pili ya skripti inatuhusu sisi zaidi. Nyumba zetu zimejaa vitu ambavyo The Movie Database, hifadhidata ya mtandaoni ya filamu, haivijui: filamu zilizosimuliwa kwa Kiswahili, Bongo Movie za zamani, taarabu, mawaidha, harusi na maulidi. Kodi ikikuta faili ya maelezo ya .nfo pembeni ya video huisoma hiyo kabla ya kuuliza intaneti. Skripti fupi inayopita kila folda, na kwa kila video isiyo na .nfo ikaandika moja yenye jina na mwaka tu, inamaliza fujo ya majalada. Filamu zilizosimuliwa zipe folda yao, zisigombanie jina na filamu ya asili.

Ya pili: laptopu iliyopasuka kioo

Sitanii. Inauzwa kwa bei ya kutupa, na betri yake ni UPS (umeme wa akiba) ya bure. Unganisha runinga kwa HDMI, kisha katika /etc/systemd/logind.conf weka HandleLidSwitch=ignore ili isilale ukiifunga. ThinkPad nyingi zinakubali kuchaji kukomee asilimia 80, jambo zuri kwa mashine isiyochomolewa. Betri ikivimba, iondoe siku hiyohiyo. Tumia diski ya inchi 2.5 inayopata umeme kwa USB. Ile ya inchi 3.5 ina adapta yake na itazimika pamoja na taa za sebuleni.

Ya tatu: Raspberry Pi

Ni kompyuta ndogo ya bodi moja. Kwa runinga moja na LibreELEC, mfumo mdogo wa kuendeshea Kodi, ni raha. Pi 5 ya GB 4 ilitoka 2023 kwa dola 60, lakini ongeza kasha, feni, chaja ya wati 27, kebo ya micro-HDMI na kadi, uone kama hujaifikia bei ya ile ya kwanza. Haina saketi ya kubana video, kwa hiyo usiitegemee kama seva ya Jellyfin ya kugeuzia simu za familia nzima filamu papo hapo. Kadi ya SD huharibika kwa umeme wa kukatikakatika. Iwashie kutoka SSD.

Ya nne: NAS, kama Synology

Hili ni boksi la diski linalounganishwa na mtandao wa nyumbani. Ni imara, na lina ratiba yake ya kuendesha skripti. Ila ni ghali na diski huuzwa kando. Pia diski mbili zinazoakisiana si nakala: ukifuta huku, kumefutika kule.

Ya mwisho: boksi la Android la bei chee

Juni 2025 FBI ya Marekani ilionya kuhusu BADBOX 2.0, vifaa vya aina hii vilivyokuja na programu hasidi tangu kiwandani. Hata lililo safi linakunyima uhuru: kuanzia Android 11, folda ya data ambamo Kodi huweka hifadhidata yake imefungiwa programu nyingine. Lifanye la kutazamia tu, liwe limeidhinishwa na Google, na maktaba ikae kwingine.

Upande wa programu sina mengi. Runinga moja, Kodi. Runinga na simu nyingi, Jellyfin, ambayo ni ya bure kabisa. Plex, seva nyingine ya aina hiyo, ni nzuri, ila leseni yake ya maisha ilipanda Aprili 2025 kutoka dola 120 hadi 250.

Diski ndiyo ya kuogopa. Kati ya mifumo ya kupanga faili kwenye diski, FAT32 haipokei faili ya GB 4 na zaidi, na exFAT haina jarida (kumbukumbu ya maandishi yanayoendelea) la kuiokoa umeme ukikatika, hivyo kwa Linux weka ext4. Soko lina diski zinazojitangaza kuwa na TB 2 na ndani hazifiki hata GB 64. Ipime kwa F3 au H2testw, inayoijaza data hadi mwisho kisha kuisoma tena, na ukishapima soma SMART (ripoti ya afya ya diski) yake kwa smartctl. Kupima kote kunaweza kula siku nzima, kwa hiyo kubaliana kwanza na muuzaji kwamba unaweza kuirudisha. Akikataa, nenda duka la pili.