Farasi wa mpingo, Mwenge Vinyago

Kama una rafiki anapenda farasi kinoma kama shosti wangu, achana na vikombe vya kuprinti picha, nenda Mwenge, Dar, kwenye soko la vinyago. Mezani utakuta tembo na twiga tu, farasi unaagiza, so nenda na picha kwenye simu. Fundi wangu kajua kweli, mpaka singa na kwato zinaonekana, ila miguu ni myembamba jamani, mwambie akuwekee kitako kipana. Na cheki mpingo kabla hujalipa maana kuna wanaopaka kiwi mti mweupe, kwangua kwa chini uone, mpingo halisi ni mzito mpaka unazama kwenye maji. Bei mnapatana. Shosti alivyofungua alipiga kelele, sasa anataka na mtoto wa huyo farasi!