Tathmini ya SimPy katika uigaji wa ugavi wa vyakula vinavyoharibika haraka

SimPy ni maktaba huria ya lugha ya Python inayoiga mifumo inayokwenda kwa matukio: lori limefika, kreti zimeingia chumba baridi, mteja amechukua mzigo wake. Hailipiwi, na leseni yake ya MIT inaruhusu hata matumizi ya kibiashara. Nimeipima kwa swali moja ambalo, kwa mtu wa maziwa, samaki au mboga, linatangulia mengine yote: je, inakumbuka umri wa bidhaa?

Jibu linategemea bidhaa hiyo imehifadhiwa wapi ndani ya programu. Container, aina mojawapo ya hifadhi za SimPy ambayo wanaoanza huikimbilia kwa wepesi wake, hushika kiasi tu; ukiingiza pakiti 200 za maziwa ya jana na 300 za leo, itajua kwamba zipo 500, basi. Kwa saruji hilo halina neno, lakini kwa maziwa linaficha hasara ileile tunayoitafuta. Store hutunza kila kreti pamoja na tarehe yake na kuitoa kwa zamu ya kuingia, ilhali PriorityStore, ikipewa tarehe ya mwisho wa matumizi kuwa kipaumbele, hutanguliza kreti iliyokaribia kuharibika hata kama ndiyo iliyoingia mwisho. Kulinganisha kanuni hizo mbili kunahitaji kubadilisha mistari michache tu, na namba nasibu za mahitaji ya wateja zikitengwa na nyingine na kuanzishwa kwa mbegu ileile (yaani namba ya kuanzia inayofanya mfuatano uleule ujirudie), kanuni zote mbili zitakabiliwa na wateja walewale.

Hata hivyo, humo ndani hakuna kinachooza chenyewe. Kreti iliyopitwa na tarehe itaendelea kukaa, na itauzwa, mpaka mtumiaji aandike mchakato wa kuikagua na kuiondoa. Joto nalo lina mtego wake. Kasi ya kuharibika kwa vyakula vingi huongezeka takriban mara 2 hadi 3 kwa kila nyuzi 10 za Selsiasi, kwa hiyo modeli makini hufupisha maisha ya mzigo uliopata joto. Lakini ukibadilisha tarehe ya kreti iliyokwisha kuingia katika PriorityStore, foleni haijipangi upya, wala hakuna onyo lolote. Inabidi kreti itolewe na kurudishwa. Hii ndiyo kasoro ninayoihofia zaidi, maana matokeo hutoka yakiwa nadhifu kumbe yamepotoka.

Saa ya SimPy haina kipimo, hivyo ni juu ya mtumiaji kuamua kama 1 ni saa au siku. Kwa samaki wabichi, siku ni kipimo kipana mno. Michoro haimo. Kwa anayeielewa Python vizuri, hasa matumizi ya yield (neno la Python linalosimamisha mchakato mpaka tukio litokee), naipendekeza bila kusita, ila meneja anayetaka kuona malori yakitembea kwenye ramani atafute programu nyingine.